Upepo wa kurushia tiara

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini tiara yako hupanda vizuri mpaka usawa wa paa, kisha ikayumba, ikapinduka na kuporomoka, na huku upepo ulikuwa wa kutosha. Sidhani kosa ni la tiara. Ulipima nguvu ya upepo, hukupima utulivu wake, na utulivu ndio unaoamua.

Nguvu si ngumu kuijua. Ukiusikia upepo usoni na majani yakachakarika, uko kati ya kilomita 6 na 11 kwa saa: tiara nyepesi itapanda, nzito itasita. Majani na vijitawi vikichezacheza bila kukoma, na bendera nyepesi ikanyooka, umefika kilomita 12 hadi 19. Hapo ndipo pazuri kuliko pote kwa tiara ya kawaida ya uzi mmoja. Vumbi na makaratasi vikianza kupeperuka ni 20 hadi 28, na huo waachie wazoefu kwanza. Miti midogo ikiyumba mizima, tiara ibaki ndani. Kumbuka kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inayovuta uzi huongezeka mara nne. Uzi uliotulia kwenye kilomita 15 unaweza kukatika kwenye 30, au ukukate vidole kabla haujakatika. Vaa glavu.

Sasa huo utulivu. Upepo ukigonga nyumba au mti hufanya kama maji ya mto yakigonga jiwe: nyuma yake, upande wa demani, hujikunja, huzunguka na kuvuta huku na huku. Tiara ikiingia humo haina cha kuegemea. Mchafuko huo hufika mbali kuliko watu wanavyodhani. Nenda umbali wa angalau mara 7 ya kimo cha kizuizi, na mara 10 ni bora zaidi. Mti wa mita 10 unataka uwe mita 70 hadi 100 kutoka hapo. Usisimame karibu na kizuizi hata upande upepo unakotokea, maana huko nako hupanda na kujipinda kabla ya kukivuka. Ndiyo sababu ufukweni upepo wa kutoka baharini ni mtamu, na wa kutoka nchi kavu, uliopita juu ya mapaa na miti, ni wa kushtukashtuka.

Kipimo chake ni rahisi. Funga utepe mwepesi wa sentimita 50 kwenye kijiti cha mita 2, ukiinue, na uutazame dakika 5 kamili ukihesabu kwa saa ya mkononi. Ukikaa upande mmoja na kunyooka karibu muda wote, anza kurusha. Ukilala, ukiruka, ukigeuka robo ya duara na kurudi, hama mahali. Kubadilisha tiara hakutasaidia.

Utabiri wa hewa nao usome kwa makini. Namba yake ni ya upepo wa kimo cha mita 10 mahali pa wazi, kwa hiyo usoni utausikia hafifu kuliko ilivyoandikwa, na tiara huko juu itakuta mkali zaidi. Angalia kipimo: mita kwa sekunde zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Kisha tafuta namba ya mikupuo, yaani upepo wa ghafla unaozidi wastani kwa muda mfupi. Wastani wa 15 wenye mikupuo ya 20 hauna neno. Wastani uleule wenye mikupuo ya 35, acha.

Mbali na bahari, jua kali la mchana huinua hewa moto kwa mafungu, na upepo huzima na kuwaka. Alasiri inapoelekea jioni mara nyingi hutulia. Wingu refu jeusi likikaribia na baridi ya ghafla ikakupiga, teremsha tiara mara moja. Ukisikia radi umeshachelewa. Nyaya za umeme zikiwa karibu, usirushe kabisa, hata upepo uwe mzuri namna gani.

Upepo ukizidi kidogo, sogeza fundo la hatamu (nyuzi fupi zilizofungwa kwenye tiara, zinazoshikwa na uzi mrefu) nusu sentimita kuelekea kichwa cha tiara, ilale zaidi na kuvuta kidogo. Ukipungua, lirudishe chini. Ikiendelea kuyumba, ongeza mkia. Na kama imevuta mno hata huwezi kukunja uzi, mwenzako ashike kibao cha kukunjia uzi, wewe ubane uzi chini ya kiganja chenye glavu na utembee kuielekea tiara. Itashuka kadiri unavyosogea.

Niandikie ukishautazama utepe pale uwanjani, na unitajie kimo cha ile miti.

Rafikiyo,
Mwanaidi