Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu: kazi ya nyumbani ya Hisabati itoke nje ya kitabu

Ndugu Kamishna,

Salamu. Mimi ni mwalimu wa Hisabati sekondari. Matokeo unayajua kunizidi: kidato cha nne mwaka 2022, takribani watahiniwa wanne kati ya kila watano walifeli somo langu. Tunajibu kwa dawa ileile, makambi ya kitaaluma na mitihani ya majaribio.

Jioni watoto haohao wanarudisha chenji stendi bila kukosea. Huko Recife, Brazil, watafiti walichapisha jambo hili mwaka 1985. Watoto wachuuzi wa mtaani walipatia karibu hesabu zote wakiwa kwenye biashara zao. Walipopewa hesabu za namna hiyo kwenye karatasi kwa tarakimu tupu, walipata zaidi kidogo ya theluthi. Nazi kumi za 35 kila moja, mtoto alipiga tatu-tatu: 105, 210, 315, akaongeza 35.

Hapa kwetu nenda kwenye msingi wa nyumba. Fundi anavuta kamba, anatia alama mita 3 upande huu na mita 4 upande ule, kisha anapitisha tepu kati ya alama mbili. Ikisoma 5, kona iko skwea. Ikisoma 5 na sentimita nne, kamba inasogezwa na tepu inarudi tena. Hiyo ni Pythagoras, na mwanafunzi wangu anaipita kila asubuhi akija kuikariri ubaoni.

Au chukua LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwa nyumba isiyo kwenye kundi la matumizi madogo, shilingi 10,000 huleta yuniti kama 28. Ikikatwa kodi ya jengo ya 1,500, zinabaki 23 na ushee. Ujumbe wa simu una VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1. Kidato cha kwanza atafute bei ya yuniti kabla ya makato hayo, aone kama baba yake atamwamini.

Ninaomba waraka mmoja: kila wiki kazi moja ya nyumbani itoke mtaani, na iingie kwenye alama za maendeleo. Uzito uko kwenye alama. Bila hizo, mkuu wa shule ataona ni mchezo, na mdhibiti ubora atataka mazoezi ya kitabu.

Watanakili? Hata ya kitabu wananakili, tena jibu ni moja kwa darasa zima. LUKU ya kila nyumba ina namba zake. Ila waraka useme wazi kwamba mtoto asidaiwe kununua kitu wala asitumwe kuuza, maana michango tunaijua inavyoanza.

Waraka ukitoka kabla ya Januari, tutaanza nao shule zikifunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Hisabati