Mpe Mwanahawa neno

Bakari ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku Tanga hatujambo, mama anakusalimu na anauliza lini utakuja kula samaki. Najua nimekaa kimya tangu Idi, uniwie radhi. Nilitaka kwanza nimalize ule mzigo wako wa vitabu vya katuni vya Spawn.

Nimemaliza, na nimebaki na huzuni.

Kwa michoro sina neno, Todd McFarlane mkono anao. Lile joho jekundu linavyotapakaa ukurasa mzima na ile minyororo! Nililala taa ikiwaka. Sishangai toleo la kwanza, mwaka 1992, liliuza nakala milioni 1.7. Lakini watu wake, Bakari! Al Simmons anauawa kwa njama za bosi wake Wynn, anafika Jehanamu, anamuuzia shetani Malebolgia roho yake ili tu amwone tena mkewe. Hapo nikakaa vizuri. Anarudi, kumbe miaka 5 imepita, mwili umeungua, na Wanda ameolewa na Terry, rafiki yake kipenzi, na wana binti. Akitaka kujirudishia sura yake, nguvu zile zinamgeuza mzungu mwenye nywele za dhahabu. Mtu mweusi, hata sura yake mwenyewe hawezi kuipata!

Basi nikamsubiri Wanda aseme. Nikasubiri. Ni mzuri, ni mpole, anamkumbuka marehemu, kwisha. Sijui anapenda nini, akikasirika anakuwaje, wala moyo wake ulisemaje Terry alipomposa. Terry naye ni mwema tu, Wynn mbaya tu. Sasa huyu mzimu roho yake kaiuza kwa ajili ya nani? Walio hai mle kwangu ni wale wapelelezi wawili, Sam mnene na Twitch mwembamba wa miwani. Wakibishana nawasikia.

Nakuandikia haya kwa sababu ya kazi yako, ile katuni ya nahodha aliyezamishwa anayerudi kulipa kisasi. Kurasa 12 ulizonitumia nimezibandika ukutani. Pale nahodha anapopanda kutoka majini, Pangani yote imelala, maji yanamchuruzika masikioni, mwili ulinisisimka. Lakini nimemhesabia Mwanahawa, mkewe: anaonekana mara 9, na maneno yake yote ni "Mume wangu!" mara mbili. Huyu mwanamke amekaa eda, miezi 4 na siku 10! Humo ndani aliwaza nini? Na yule aliyemzamisha mumewe anakuja kuleta rambirambi, umemchora vizuri mno, kasimama barazani kofia mkononi, naye Mwanahawa nyuma ya pazia kimya. Mpe neno hapo! Amuulize tu, "Wewe ulirudije?" Nitatetemeka kuliko kwa meno ya mzimu yeyote. Hata kisasi chenyewe, labda nahodha akute mkewe tayari ame... hapana, hicho tukae tukizungumze.

Unamkumbuka Mama Rukia baada ya ile ajali ya jahazi, alivyoendelea kuandaa sahani mbili? Ulipomchora Mwanahawa ulimfikiria yeye, au hukumfikiria mtu? Anajua nani kamuua mumewe? Anataka mumewe arudi, au anamwogopa? Ukurasa wa 13 umeshauanza? Kama bado, tafadhali usitie wino kwanza. Na mama nimwambie unakuja lini?

Wako,
Zuhura