Adhuhuri yetu ni moja

Ujiji, Kigoma
Ijumaa, baada ya swala

Shoga yangu Mwaju,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo. Mama yako ana afya, ila tangu apate habari za mjukuu hana usingizi, anataka kuja kwako. Juzi jioni alinikuta uani naanua dagaa, akaniuliza: "Mwanangu, mpaka huko Istanbul ndege inakaa angani saa ngapi?" Sikutaka kumjibu kwa kukisia. Nilichukua atlasi ya mdogo wangu, rula na uzi, nikakaa navyo mpaka usiku.

Mwaju, kumbe uko kaskazini yangu, sawasawa kabisa! Kigoma ipo karibu na longitudo ya nyuzi 29.7 mashariki, Istanbul nyuzi 29. Mtu angetoka hapa akashika kaskazini bila kupinda, angefika kwako baada ya kilomita kama 5,100. Na Uturuki tangu 2016 haisogezi tena saa zake, mwaka mzima inakwenda na saa hii hii yetu. Kwa hiyo adhuhuri ikiingia hapa, mnamo saa saba mchana, na kwako imeingia. Hazipishani hata dakika tano. Leo nimetandika mswala nikijua nawe unatandika wako, na dua nimeiombea hapo hapo. Magharibi ndiyo inayotutenga. Desemba jua la kwenu linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, sisi tunaliona juu ya ziwa mpaka saa moja imepita. Hilo nimemweleza mama, asije akapitwa na swala.

Njia yenyewe sasa haikunyooka kama uzi wangu. Lazima kwanza aende mashariki, Dar, kilomita 1,080 hivi za angani, karibu saa mbili, na zaidi ndege ikitua Tabora. Ndipo ashike kaskazini, kilomita 5,400 nyingine, yapata saa saba. Ndege kubwa hukimbia kilomita 850 hadi 900 kwa saa, lakini kupaa na kutua kunakula muda, na kuzunguka pia: tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, ndege nyingi zinaikwepa anga ya kule.

Mama akashika kiuno. "Saa saba nimekaa kitako?" Nikamkumbusha treni, safari ile tuliyokusindikiza chuo. Uvinza, Kaliua, Urambo, tumekula mahindi na karanga, mmelala mmeamka, saa saba zimekwisha na Tabora hatujaiona. Na reli ya hapa mpaka Dar inapita kilomita 1,250. Akacheka sana, akasema basi Mwaju hayuko mbali.

Kinachomtisha kweli ni kubadili ndege pale Dar. Hilo nimelibeba mimi: nitapanda naye mpaka Dar, nitakaa naye hadi atakapoitwa kuingia ndani. Ameshafunga dagaa wako na migebuka mikavu, na khanga mbili za kumbebea mtoto. Sweta hana, nitamtafutia sokoni, ila niandikie upesi baridi ya huko ikoje Desemba.

Nawe uwe umesimama pale wanapotokea abiria kabla ndege haijagusa ardhi. Mama hajui Kituruki wala Kiingereza, na asipoiona sura yako kwanza atalia.

Mbusu mtoto.

Shoga yako wa tangu madrasa,
Zuhura