Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kutazama Kazi Chache kwa Muda Mrefu

Ndugu wanachama,

Kama katiba ya chama chetu cha wapenzi wa sanaa inavyoagiza, nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za mwaka unaoisha. Masuala ya ada yamo katika taarifa ya mweka hazina, nami sitayarudia, isipokuwa kusema kwamba wanaodaiwa wanajijua.

Mwanzoni mwa mwaka kamati ilikubaliana kupunguza maonyesho tunayoyatembelea, na badala yake kutumia vikao vyetu kutazama aina moja ya kazi kwa utulivu, tukijiuliza maswali matatu yasiyopaswa kuchanganywa: kazi hii ilifanywa kwa madhumuni gani, inahusu nini, na imefanywa kwa mtindo upi. Ilikwisha kudhihirika kwamba wengi wetu tukishatambua kuwa picha ni ya twiga, tunahesabu kazi ya kutazama imekwisha.

Sehemu kubwa ya mwaka tuliitumia kwa vinyago vya Wamakonde. Kinyago cha mapiko huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji hukivaa kichwani na kucheza nacho, akiona njia kupitia uwazi wa mdomo. Kikitundikwa ukutani tunabaki na umbo, huku sababu ya umbo hilo ikiwa imebaki uwanjani kwenye ngoma. Vinyago vya mpingo vya siku hizi ni habari nyingine, kwa kuwa vingi huchongwa kwa ajili ya mnunuzi, na wapo waliosema kikaoni kwamba jambo hilo linavishusha hadhi. Sikubaliani nao. Ile nguzo ya watu waliopandana, inayoitwa ujamaa, wengi tuliichukulia kuwa tangazo la siasa ya Azimio la Arusha la 1967, lakini inasimuliwa kwamba Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji, alianza kwa kumchonga bingwa wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake, na jina la kisiasa likafuata baadaye. Maudhui yalibadilika midomoni mwa watazamaji, wala patasi haikuguswa.

Katika kinyago kimoja tulichopokezana, mchongaji alikuwa ameacha utepe wa mti mweupe wa nje ushuke kando ya kiini cheusi, ukawa mgongo wa bibi aliyeinama. Mjumbe mmoja alitafuta fumbo katika weupe ule. Kwa maoni yangu hapakuwa na fumbo, mpingo ndivyo unavyokua, ila uamuzi wa kuuacha badala ya kuukwangua ulikuwa wa fundi, na hapo ndipo mtindo ulipo.

Picha za Tingatinga tulizipitia kwa muda mfupi zaidi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za kung'aa za madukani juu ya vipande vya mbao za viwandani, akafariki mwaka 1972. Wanafunzi na jamaa zake waliendeleza kazi, na ushirika wao ukaundwa mwaka 1990. Rangi ile haichanganyiki kwa upole kama rangi ya maji, hivyo mipaka mikali na madoa yaliyopangwa ni matokeo ya vifaa kama yalivyo matokeo ya jicho. Kasoro ya kurudia mnyama yuleyule ipo na hatukuificha, lakini ni ya picha moja moja. Si sababu ya kuukataa mtindo mzima.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza kila mwanachama alete kazi moja aliyonayo nyumbani, hata iwe kanga au mlango wa nakshi uliopigwa picha, na aieleze kwa maswali yaleyale matatu. Aidha, tunaomba mkutano uridhie nyongeza ndogo ya ada, ili wachongaji na wachoraji tunaowaalika walipwe kwa muda wao, kwani mpaka sasa tumewapa soda na shukrani tu. Pendekezo hilo litapigiwa kura mara baada ya hesabu kusomwa.

Mwenyekiti