Barua ya wazi kwa BASATA: fumbo mmelifumbua nyie

Ndugu Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi naipokea yako.

Ya Novemba 2018 najua sio yako, kiti umekikuta, ila ofisi ni ileile ndo maana nakuandikia wewe. Mwaka ule mlifungia wimbo wa Mwanza wa Rayvanny na Diamond, kisa neno Nyegezi. Mwanangu alikuwa na miaka 9, kila asubuhi anaimba Nyegezi bafuni mpaka povu la sabuni linamwingia mdomoni, na kichwani mwake Nyegezi ni stendi ya mabasi, ambayo kweli ni stendi jamani, tulishashukia pale tukienda kwa babu yake. Mkafungia. Redio zikaanza kuchambua, jioni nipo jikoni nakaanga dagaa mtoto huyo mlangoni, "mama, kwani nyege ni nini?" Sasa niambie nani kamharibu.

Sisemi wimbo haukuwa na kitu, ulikuwa nacho, wakubwa tulikisikia tukacheka. Lakini ndo raha ya fumbo, babu na mjukuu wanakaa sebule moja wanasikiliza wimbo mmoja na kila mtu anaondoka na lake.

Mama mkwe wangu ni wa Tanga, taarab iko damuni. Kwenye harusi moja nimemshuhudia, wimbo umefika penye kijembe, kainuka taratibu na elfu mbili yake mkononi, hakwenda kwa mwimbaji, kazunguka hadi mbele ya kiti cha mke mwenzie, kasimama pale anatikisa bega mstari mzima ndo akaenda kutunza. Neno hajatamka. Ukumbi mzima umeelewa nani kasemwa, mimi tu mgeni nauliza kwani vipi. Huyo ungemfungia kwa lipi?

Na Remmy Ongala je? Ukimwi unazoa watu, daktari akitaja kondomu watu wanaangalia chini, yeye kaimba Mambo kwa Soksi, watu wakacheza na ujumbe ukawafikia. Radio Tanzania ikaugomea wimbo, soksi tu hiyo!

Matusi ya wazi yakemeeni, sina ugomvi, siku hizi yamejaa na mengine yananiudhi hata mimi, hayana ufundi wowote. Ila fumbo likiwa na ukakasi semeni lipigwe usiku basi yaishe, maana mkifungia mnalipigia debe. Na pale mezani mnapokagua mashairi wekeni na watu waliokulia kwenye mafumbo, sio wanasheria watupu. Mama mkwe yupo tayari, nauli ya basi la Tanga na soda vinamtosha. Ila mkimweka kwenye benchi nje tangu asubuhi shauri yenu, kesho yake atarudi na kanga mtakayoisoma wenyewe.