Presha ya jicho 14, mbona bado naambiwa nina glakoma?

Mwezi uliopita mzee mmoja alikaa kwenye kiti chetu cha kupimia, akatoa daftari lake la kliniki na kulifungua mbele yangu. "Angalia mwanangu. Presha ya jicho 14. Kila nikipimwa ni 14, 15. Sasa hiyo glakoma nimeitoa wapi?"

Wengi wanaijua glakoma kwa jina la presha ya macho, hivyo mtu akikutwa kati ya 10 na 21 anaondoka akijua yuko salama. Lakini ipo glakoma inayoua neva ya jicho, ile inayopeleka picha kwenye ubongo, huku kipimo kikiwa cha kawaida, na hapo mishipa ya damu ni miongoni mwa washukiwa wakuu.

Fikiria nyumba ya ghorofa. Maji ya bomba yakipungua nguvu, wa juu kabisa ndiye wa kwanza kukosa. Neva ya jicho, pale inapoanzia nyuma ya jicho, inalishwa na vimishipa vyembamba mno. Presha ya mwili inasukuma damu iingie, presha ya jicho inaizuia. Vimishipa vikiwa vizima hujitanua na kujibana ili neva isipungukiwe. Ngozi ya ndani ya vimishipa hivyo ikiharibika, vinabana pasipotakiwa. Ndiyo maana tunauliza mambo unayoweza kuona hayahusiani: vidole vinapoa kupita kawaida? Unaumwa kipandauso? Unakoroma hadi pumzi inakata?

Kwa mzee yule, kilichonishtua ni mfuko wa dawa. Vidonge vyake viwili vya presha ya mwili alikuwa anavimeza kwa pamoja saa nne usiku. Presha hushuka yenyewe mtu akilala. Ikishushwa tena kupita kiasi, jicho linaweza kupungukiwa damu naye yuko usingizini. Hatukumwambia aache dawa, na wewe usithubutu: presha ya kupanda nayo inaharibu mishipa hiyohiyo. Tulimwandikia barua ampelekee daktari wake, waangalie saa ya kumeza.

Daktari wa macho naye alimwanzishia matone, hapohapo kwenye 14. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuishusha presha ya jicho kwa asilimia 30 kunapunguza kasi ya ugonjwa hata kwa wenye presha ya kawaida. Vile vidonge vya "kusafisha mishipa ya macho" vya mitandaoni havina ushahidi wa namna hiyo. Wala miwani haitibu glakoma, na hilo nalisema mimi ninayeuza miwani.

Kule Kongwa, Dodoma, uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 ulikuta glakoma kwa watu kama 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea. Kwa hiyo kwa mteja wa umri huo hatuishii kwenye namba ya presha tu. Tunaitazama neva yenyewe.

Ukija, beba dawa zako zote, hata za kienyeji. Tutakuwekea matone ya kutanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, basi pikipiki iache nyumbani.