Heri ya Imlek, na kue ku zibaki laini hadi asubuhi

Kwa wote wanaosherehekea Imlek, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, huko Indonesia na popote mlipo: Selamat Tahun Baru Imlek, Gong Xi Fa Cai. Mwaka huu uwape afya, riziki na maelewano nyumbani. Na kwa familia za Kihokkien, Wachina wenye asili ya mkoa wa Fujian, ambazo kwao shughuli yenyewe bado iko mbele, pokeeni mapema heri ya siku ya tisa ya mwaka mpya, siku ya kuzaliwa Thi Kong, Mfalme wa Mbingu katika imani ya Kitao, dini ya jadi ya Wachina.

Ibada hiyo hufanywa usiku wa kuamkia siku ya tisa. Meza hutandikwa ikielekea angani, na kando yake hufungwa miwa mirefu ikiwa na majani yake, kwa kuwa masimulizi ya Wahokkien yanasema wazee wao waliwahi kunusurika kwa kujificha ndani ya shamba la miwa. Kwenye meza hupangwa kue ku: madonge mekundu ya mchele nata, ndani yana choroko tamu, juu yamechorwa gamba la kobe, ishara ya maisha marefu. Meza ya juu, ile ya Thi Kong mwenyewe, haiwekwi nyama, ndiyo maana katika mapishi yaliyo hapa chini tunatumia mafuta ya mimea tu, wala si ya nguruwe.

Kumbukeni pia kwamba meza hii haikuwa ya wazi siku zote. Agizo la Rais namba 14 la mwaka 1967 lilizuia Wachina wa Indonesia kufanya sherehe zao za dini na mila hadharani, zikabaki ndani ya nyumba. Rais Abdurrahman Wahid alilifuta mwaka 2000, na tangu 2003 Imlek ni sikukuu ya taifa. Leo kue ku zimezagaa sokoni Java, na wanazinunua hata Waislamu wasio na madhabahu nyumbani. (Mkifika Semarang, piteni hekalu la Sam Poo Kong, la kumuenzi Zheng He, amiri wa merikebu za China wa karne ya 15. Merikebu zake ndizo zilizofika hadi Malindi yetu.)

Sasa jikoni. Madonge haya hupikwa jioni ya siku ya nane, hukaa mezani usiku kucha, kisha huliwa na familia. Kazi yote ni kuhakikisha hayajawa magumu kufika asubuhi.

Vipimo hivi vinatoa takriban 24. Anza na kiini. Loweka gramu 200 za choroko zilizoparazwa na kutolewa ganda kwa saa nne, zichuje, zipike kwa mvuke dakika 25 hadi 30 mpaka punje ivunjike kwa vidole viwili. Usizichemshe majini, zitanyonya maji na kiini hakitashikana. Ziponde zikiwa moto, uziweke sufuriani na sukari gramu 110, tui zito mililita 80, chumvi robo kijiko cha chai, na jani la pandani lililofungwa fundo (ni jamaa wa mkadi wa pwani, ila hapa kinachonukia ni jani). Koroga kwa moto mdogo hadi mchanganyiko uachane na sufuria. Ukipoa, viringisha vidonge vya gramu 20. Kiini chenye majimaji ndicho kinachopasua ngozi.

Ngozi inataka unga wa mchele nata gramu 300. Unga wa mchele wa kawaida, ule wa vitumbua, haufai hata kidogo: wanga wake ni wa aina nyingine, hauvutiki. Ongeza gramu 150 za kiazi lishe kilichopikwa kwa mvuke na kupondwa laini, sukari gramu 40, na vijiko viwili vya chakula vya mafuta. Kiazi hiki ndicho siri ya ulaini wa asubuhi. Ngozi ya unga mtupu hukakamaa mapema. Mimina tui vuguvugu kidogo kidogo, mililita 150 hadi 180 kadiri ya maji ya kiazi, ukikanda. Bonyeza donge: kingo zikipasuka, ongeza tui kijiko kimoja, likikugandia mkononi, nyunyiza unga. Lifunike kwa kitambaa kibichi dakika 20.

Rangi nyekundu itieni kwa uchache, kwa sababu ngozi ikiiva huwa ang'avu na rangi hukolea. Maji ya kiazisukari hayasaidii. Hupauka kwa mvuke na kuacha rangi ya kahawia.

Chukua gramu 28 za ngozi, uzibonye kama kikombe, weka kiini, ziba bila kuacha hewa ndani. Paka kalibu la mbao mafuta kiduchu au ulinyunyizie unga na kukung'uta uliozidi. Bonyeza donge hadi lijae kila mchoro, kisha gonga ukingo wa kalibu mezani, upande mmoja halafu wa pili, lidondoke kiganjani. Liweke juu ya kipande cha jani la mgomba kilichopitishwa motoni kikalegea na kupakwa mafuta.

Hapa ndipo wengi huharibu. Maji yakishachemka, punguza moto uwe wa wastani, funga mfuniko kwa kitambaa ili matone yasidondoke, na upike kwa mvuke dakika 8 hadi 10. Kila baada ya dakika tatu inua mfuniko kidogo, mvuke utoke. Moto ukiwa mkali, ngozi huvimba, kisha hunywea na kutandaa, na kobe wako hana gamba tena. Zikitoka tu, zipake mafuta kwa brashi zingali moto, yanazuia ngozi isikauke na kue ku zisigandane. Usizifunike hadi zipoe kabisa.

Friji liachieni mboga. Wanga wa mchele hukakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi. Nje zinakaa siku moja tu, kwa sababu ya tui. Zikiwa zimeanza kukaza asubuhi, dakika tatu za mvuke zinatosha kuzirudisha.

Kiini kikibaki, kigandisheni kwenye friza: Cap Go Meh, usiku wa kufunga sherehe siku ya 15, bado haijafika, na wageni watakuja. Kiong hi kwenu nyote.